Kinywa ya Mutu Mwenye Kulala Peke Yake

Butembo, mangaribi, mvua iko nanyesha

Kahindo, mutoto wangu, mama yangu,

Salamu nyingi. Mimi niko ................................

Ile matone si kosa, na wino ya bic haikukauka. Najua barua yenye adabu inaandikaka pale «muzima», kisha inauliza ya mwenzake. Mimi niliruka ile neno. Utajua sababu mbele ya kufika chini.

Uko kwenye chumba ingine, nasikia zip ya valise yako ya safari inakukatalia. Ningeweza kupiga sauti ukuje, nikuambie yote kwa kinywa. Mais ni ile kinywa yenyewe njo iko na shida, donc naandika. Masomo yangu unaijua: nilifika quatrième primaire, darasa ya ine, mwalimu akachoka na mimi mbele mimi nichoke naye. Ukikuta makosa, umupelekee yeye.

Sitakuambia uvae nini, ao upande gari gani, ao usilale na simu chini ya muto. Batantine yako balianza hiyo kazi tangu asubuyi, balibakisha tu kukufundisha kupumua. Kesho unaenda Mangina kuanza kazi ya infirmière, ya kuuguza batu. Dawa unajua wewe. Mimi najua kitu moja tu: namna mugonjwa wa kinywa anadanganya batu. Nilijifunza kwa mugonjwa mubaya kuliko bote wa Butembo, ule mwenye kunyoa ndevu kila asubuyi ndani ya kioo yangu.

Unakumbuka wakati ya Ebola. Ilianzia kule kule unaenda, ikatembea Beni, ikatufikia. Ulikuwa ungali kwenye shule ya secondaire. Kwa kila barrière ya barabara tulinawa na maji ya chlore, mutu anakupima joto kwenye paji ya uso sawa anataka kukupiga bunduki, na redio kutwa inasema: homa, kutapika, kuhara, damu. Mukiona mwenye kutoka damu, mupige simu. Sasa asubuyi moja niko napiga meno brosse, nikatema, nikaona mate nyekundu kwenye bassin ya kunawia.

Nilitazama ile mate. Nikatazama mulango. Kisha nikaenda kumwanga ile maji nyuma ya choo, sawa muizi anaficha manyoya ya kuku.

Homa sikukuwa nayo. Sikutapika. Nilikula sahani yangu yote ya bundu na yako kidogo. Mutu mwenye akili angeelewa. Lakini woga na yeye alifika tu quatrième primaire. Mbele ya ile damu kuanza, nyama ya meno yangu, yenye wewe unaiita gencive, ilikuwa imevimba tangu zamani, na kiko yangu ya tumbako ilikuwa inaisaidia kuharibika. Hiyo sikuiona. Niliona tu gari ikikuja kunibeba, na majirani bamesimama barabarani banahesabu bitu yetu.

Donc nikatengeneza akili. Nikaacha brosse, juu nikipiga damu inatoka, nikiacha haitoke. Nilisikia nimevumbua dawa. Ni sawa mutu mwenye nyumba yake inavuja, anafunga macho ili mvua isimuone. Uchafu ikakaa pale kwenye meno, ikageuka mawe, na chini ya ile mawe nyama ikaanza kuoza polepole bila kelele.

Kisha nikapata akili ya maprune. Unajua ile miti nyuma ya nyumba, matunda yake nyekundu na maji yake sawa damu. Nikaanza kutembea na prune kwenye mufuko ya koti. Nikisikia ladha ya chuma kwenye ulimi, nauma prune. Mutu akiona nyekundu kwenye midomo, anaona muzee anakula matunda. Ile maji kali ikiingia kwenye kidonda, machozi inatoka yenyewe, na mimi nasema: tamu kabisa. Uliniombaka kamoja, nikakunyima, ukasema Papa amekuwa na choyo. Haikukuwa choyo. Nilikuwa nabakisha silaha.

Sokoni mutu akaniuzia kinini, kidonge ya rangi mbili, ile yenye kufunguka. Sikumeza. Nikaifungua, nikamwanga unga kwenye nyama ya meno, namna mama yangu alifanyaka kwa kidonda ya muguu. Hapana cheka sana. Kule Mangina utaona batu bakifanya vile, na batakuambia ilibasaidia. Mimi pia ilinisaidia: nilifika kwenye hali mubaya na moyo mutulivu.

Kwenye mutaa ya Kimemi, kwenye kazi yangu ya kunyoa nyele, bateja bakaanza kupunguka. Unajua namna ninanyoa: kila kichwa naipa hadithi yake, na hadithi naiweka karibu na sikio. Sasa mutu anakaa, ninainama, naanza, na yeye anakaza shingo. Anatazama ukuta. Nyele zikikomaa tena, anaenda kwa mwingine. Nilisema ni Ebola, batu banaogopa kugusana. Nikaishitaki kwa kila mutu. Ile ugonjwa ilikuwa na makosa yake mengi, mais hiyo haikukuwa yake. Ilikuwa harufu. Na hapana muteja hata mumoja, kati ya batu nilianza kunyoa bangali batoto ya shule, mwenye aliniambia. Banasema aksanti muzee, Mungu akulinde, na banapita mbio kwenye mulango.

Nyumbani nikaanza kukula peke yangu, uso kwa ukuta, sahani kwenye magoti. Kitandani nikageuzia mama yako mugongo. Mukiniuliza kitu, najibu kwa kichwa. Nilikusikia siku moja unamuuliza mama yako kama Papa anatukasirikia. Akaendelea kuchambua maharagi. Nilikuwa nyuma ya mulango na prune ndani ya shavu, nikaiuma tena.

Kanisani ikawa mbaya zaidi. Batu bote banaenda kwa Hostia, na mimi nitafungua kinywa namna gani mbele ya parokia muzima? Nikabaki nimekaa kwenye banc, siku ya Mungu moja, ingine, ingine. Sasa muzee mwenye kukataa Ekaristi, mwenye kulala na mugongo, mwenye kunyamaza: batu ya Kimemi habatafutaka ugonjwa. Balitafuta mwanamuke, na balimupata. Mujane wa Kalunguta, mwenye kuuza makala ya kupikia, mwenye mimi sijamuona mpaka leo. Nasikia ni muzuri.

Mama yako alivumilia. Kisha siku moja akafunga mulango ya jikoni, akasimama mbele yangu, mwiko kwenye mukono, akaniuliza:

«Yule mwanamuke wa Kalunguta anaitwa nani?»

Nikasahau woga yote. Nikacheka. Nikacheka na kinywa wazi kabisa, namna sikukuwa nimecheka tangu damu ilianza. Mama yako akarudi nyuma, akafunika pua na kitenge. Akafikiri kidogo. Kisha akasogea, akashika taya yangu sawa mbuzi ya kununua, akaangalia ndani, akanusa tena, kwa kusudi.

«Mungu asifiwe,» akasema. «Ni kuoza tu.»

Nikamuambia kuko damu. Nikamuambia Ebola. Yeye aliendelea kunigeuza kichwa kwenye mwangaza ya dirisha.

«Hapana mwanamuke wa Kalunguta,» akasema. «Kwa makala yote ya Kalunguta, hapana mwanamuke mwenye anaweza kukubali hii kinywa. Ni mimi tu. Vaa viatu.»

Kwenye centre ya Ebola balituweka, mimi ndani ya kachumba ya plastiki, yeye inje kwenye kiti. Infirmier alikuwa mutu wa jimbo ya Équateur, kule banasema Lingala, serikali ilimutuma huku, Kiswahili yake ilikuwa inachechemea kama mbuzi ya miguu tatu. Alivaa nguo ya kujikinga kutoka kichwa mpaka chini, nikaona macho tu. Aliuliza mbele ya kugusa. Damu inatoka fasi ingine, puani, kwenye choo? Homa? Uliosha maiti? Mutu alikufa kwenu? Kisha akasema kwa Lingala: «Papa, fungola monoko.» Nikafungua kinywa kidogo.

«Papa, hiyo ni dirisha. Mimi nataka mulango.»

Nikafungua mulango. Akaingiza mwangaza ya torche, akabonyeza nyama ya meno na kamuti, usaha ikatoka kandokando ya jino. Nikangojea akimbie. Yeye akasogea zaidi. Ile siwezi kuisahau, Kahindo. Mutu mwenye hakujua hata jina ya baba yangu, aliweka macho karibu na uozo yangu sawa mutu anasoma barua ya kwao.

Balichukua damu yangu bakapime, juu kazi yao iliomba vile. Nilikaa mule, nikaangalia mama yako kupitia plastiki, akaniangalia, na hapana mutu kati yetu mwenye alitengeneza mzaha. Jibu ikarudi: Ebola hakuna. Infirmier akaniambia niko na meno tu. Nilisikia haya kidogo, sawa mutu mwenye aliitisha batu ya mazishi na akakataa kufa.

Akafungua kajipu, usaha ikapata mulango. Akanipa amoxicilline na métronidazole, ile ya pili yenye inageuza kila chakula kuwa na ladha ya musumari. Akasema hapana kunywa pombe nayo. Nilikunywa kidogo, nikaelewa sababu siku ile ile, na kitenge yenye mama yako alipanguzia pia ilielewa. Maumivu ilipoisha nikataka kuficha kinini zenye zilibaki, za kungojea shida ingine. Mama yako akasimama mbele yangu kila mara mpaka nikameza ya mwisho. Kisha tukarudi kwa yule infirmier, akakwangua ile mawe na kachuma, mpaka chini ya nyama. Ile njo iliponesha. Alisema kinini ni sawa polisi, inafukuza baizi, mais ukibakisha nyumba yao banarudi kulala. Akaniambia nipige brosse hata damu ikitoka, polepole, pale jino na nyama binakutana, na nisukutue na maji ya chumvi. Alisema tena kitu juu ya kiko. Pale nilijifanya kiziwi.

Tangu ile wakati, kila asubuyi mbele ya chai, mama yako alisemaka: «Fungua.» Ananusa. Kisha anasema enda kazini, ao rudia brosse. Ile njo ilikuwa mapenzi yetu. Hatukukuwa na ingine ya kuonyesha batu.

Wakati ugonjwa ya moyo ilimulaza, na sisi bote tulijua hataamuka, aliniita karibu. Nilifikiri ataniachia neno ya dini. Akaniuliza:

«Nikienda, nani atakuwa anakunusa?»

Nikamujibu nitaoa yule wa Kalunguta. Akacheka mpaka akakohoa, na wewe ukakuja kunifukuza mule chumbani, ukasema namuchokesha. Sasa unajua tulikuwa tunacheka nini. Jibu ya kweli sikumupa. Mpaka leo sina.

Juu mutu hasikiake harufu ya kinywa yake. Mungu aliweka pua juu ya kinywa, mulango kwa mulango, na hazisalimiane. Nilimuuliza abbé, padri wetu, akasema ni fumbo. Donc kila mutu anaomba pua ya mwingine, na ile pua inapaswa kulala karibu. Kaka zako, biashara ilibabeba Kampala, banapiga simu vizuri, mais simu haina pua. Asubuyi nasimama mbele ya kioo, najiambia mwenyewe: fungua. Nafungua. Nasikia tu mabati inajinyoosha na jua. Kesho utakuwa umeenda, nitaisikia zaidi. Sikuandikie hivi ili ulie. Nakuelezea tu nyumba namna itakuwa, sawa mutu anaelezea barabara.

Sasa tufike kwenye matone.

Juzi nilikuinamia sikio, nikuambie ile kichekesho ya tantine yako na padri mupya. Ukageuza kichwa. Kidogo tu. Ukasema pardon Papa, ni moshi. Moto jikoni haikukuwa imewashwa. Ulifikiri sikuona. Kahindo, mimi nimenyoa batu maisha yangu yote. Shingo yenye inakaza, naijua hata gizani.

Donc nakupa ripoti, sawa mugonjwa mwaminifu, na ni mara yangu ya kwanza. Chini, upande ya kushoto, nyuma kabisa, nyama ya meno imevimba na inatoka maji ya chumvi mubaya. Tangu jana kuko kitu kigumu chini ya taya, inauma nikigusa. Usiku baridi ilinishika na nilikuwa na blanketi. Kumeza, nameza. Kinywa inafunguka, bidole binaingia, nilijaribu. Tangu ile moshi yako nilinyamaza, nikaambia batu ni huzuni ya safari. Huzuni iko kweli. Mais huzuni haina usaha.

Nilikuficha hii yote juu nakujua. Ile kazi ya kwanza ya Beni uliikataa kisha mazishi ya mama yako, ukasema mushahara yao haikupendeza. Mushahara haikukuwa na kosa. Ulibaki juu yangu. Ukisikia tu kajipu, hiyo valise itafunguka. Na nikuambie yote: kipande moja ya roho yangu inataka ifunguke. Inakaa pale inasikiliza zip, inaomba ikatike. Ile kipande hapana uisikilize. Ni ile ile yenye ilikuwa inakula maprune.

Nimeshasikilizana na Kambale, jirani yetu. Kesho asubuyi atanibeba na moto yake, ile pikipiki, mpaka centre de santé, kwa baganga, tutangojea kwenye mulango mpaka bafungue. Bakisema hôpital, naenda hôpital. Bakinipa kinini, nitamaliza zote, hata bila mwenye kusimama mbele yangu. Wewe utapanda gari yako.

Mais mbele ya kupanda, kuko kitu ya kunifanyia. Kule Mangina bazee batakuja mbele yako na midomo imefunga. Batasema ni sikio inauma, ni kichwa, ni upepo. Bengine bangali na woga ya wakati ile. Bakiona damu kidogo kwenye mate, banasikia gari. Vaa gants kwenye mikono, funga kinywa na pua yako, uliza maswali yote, hapana kuona haya kwa kujikinga. Kisha sogea. Na ukisikia harufu, sema. Mama yako alikulea vizuri, hautapenda kumuambia muzee neno ya haya. Utageuza kichwa na adabu. Utamupa kinini ya maumivu, atakubariki, ataenda kwake, na uvimbe itashuka polepole kwenye shingo mpaka ifunge njia ya pumzi. Ile heshima ya kugeuza kichwa, mama, uiwekee maiti.

Utaanza na mimi. Hii barua nitaiweka ndani ya kiatu yako ya kushoto, hautaondoka bila kuikuta. Kwenye kiatu ya kulia utakuta bic na torche. Mimi nitakuwa inje, kwenye banc ya kuchambulia maharagi, kinywa wazi sawa mutoto wa ndege. Hapana nisalimie kwanza. Shika taya yangu namna mama yako alishika. Angalia, nusa kwa kusudi, kisha uniambie kwa sauti ile neno yenye hapana mutoto wa kwetu alimuambiaka baba yake: Papa, unanuka.

Halafu uchukue bic, urudi kule juu, ujaze matone. Uandike kitu yenye umeona, hapana yenye ungependa. Nitaisoma njiani nikiwa nyuma ya Kambale. Harufu atavumilia yeye, juu moto ni yake.

Ni mimi Papa yako,
mwenye bado anangojea kumuona yule mujane wa Kalunguta.